Aya Niliyoiruka

Baba yangu mkubwa alikufa akijulikana katika ukoo wetu kama mzee aliyesinzia habari zikisomwa. Hakusinzia. Ninajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na siku ile inayozungumzwa niliruka aya moja ya gazeti, nikaendelea na iliyofuata kana kwamba katikati hapakuwa na kitu.

Nieleze tangu mwanzo.

Katika miaka ile nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya mchana hapa Garissa. Magazeti yalikuja alasiri na basi la kutoka Nairobi, basi lenyewe likisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi wa njiani. Msafara ukichelewa tulisoma ya jana, na hakuna aliyeona tofauti kubwa. Nakala moja ilinunuliwa na mwenye hoteli iliyotazamana na kituo cha mabasi. Wazee wengi waliokunywa chai pale hawakujua kusoma, na waliojua walisoma Kiarabu. Kazi ya kulisoma gazeti kwa sauti na kulitafsiri kwa Kisomali ikawa yangu. Hakuna aliyeniajiri. Siku moja nilisoma kichwa cha habari ili nimjibu mzee aliyeuliza picha ile ni ya nani, na kesho yake nikakuta nimewekewa kiti.

Kwa mtu wa siasa zangu, kiti kile hakikuwa rahisi kukikalia. Mji wetu ulikuwa wa chama tawala, machifu na wazee na wafanyabiashara, na akina mama sokoni pia. Mimi nilitaka vyama vingi. Nilitaka rais awe na kikomo cha kukaa. Nilitaka mke wangu aingie chumba cha kura na kutoka bila mtu kumuuliza amefanya nini humo. Anayesafiri kwenda Nairobi kwetu husema anaenda Kenya, na huko Kenya maneno kama yangu yalikuwa yakisemwa kila mahali. Hapa yalinifanya kichekesho. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kituo chetu kilihesabu kura mbili za upinzani. Moja ilikuwa yangu na kila mtu alijua. Ya pili haikupata mwenyewe. Kwa miezi mingi baadaye nikisalimiwa hotelini niliulizwa, "Na mwenzako hajambo?"

"Mageuzi amefika," mwenye hoteli alikuwa akisema. "Mpeni chai upesi kabla hajatupindua."

"Msimtilie sukari," mwingine alidakia. "Sukari ni ya serikali."

Nilicheka nao, maana asiyecheka hakuwa na mahali pengine pa kunywa chai. Lakini kuchekwa kila siku na watu unaowapenda kunachosha, na kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine ni miaka mitano.

Baba mkubwa alikaa kila siku mkono wangu wa kulia. Alikuwa kaka wa baba yangu, na baba alipofariki nikiwa mdogo ndiye aliyenilea. Nilimwita adeer, naye aliniita adeer vilevile, kwa sababu kwa Kisomali ami na mtoto wa nduguye huitana kwa neno moja. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, na kufikia mwaka ninaouzungumzia aliona mwanga na kivuli cha mtu mlangoni, si zaidi. Kilichobaki kwake kilikuwa masikio na kumbukumbu, na alijivunia vyote viwili kuliko inavyompasa mcha Mungu. Alisikia ukurasa mzima alasiri, na baada ya swala ya magharibi aliweza kuwarudishia waliokuwa msikitini, pamoja na tangazo la mnada. Alipenda kunisahihisha mbele za watu.

"Jana ulisema waziri wa kilimo. Leo unasema naibu. Yupi?"

"Naibu, adeer. Jana nilikosea."

"Basi jana umenifanya niwakoseshe watu wote wa msikitini."

Hakukubaliana nami katika siasa hata kidogo. Alikuwa amefikia msimamo wake kwa njia aliyoijua yeye.

"Sisi tumeshakuwa upinzani mara moja, adeer," aliniambia. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulizikana mpaka tukachoka."

Alikuwa akisema habari za vita vile vya baada ya uhuru, watu wetu walipotaka kujitenga, na hali ya hatari iliyobaki juu yetu miaka mingi baada ya vita kwisha. Kwake kupiga kura na serikali ilikuwa namna ya kulala na watoto wako wote wakiwa hai. Nilimletea hoja za vitabuni. Alizisikiliza zote, akazirudia bila kosa, kisha akaomba chai nyingine.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima nilieleze, kwa sababu lisipoeleweka, kilichotokea kitaonekana kidogo. Watu wawili wakikutana porini husalimiana, mgeni akapewa maziwa, halafu huambiwa: warran. Yaani toa habari. Naye huitoa yote, kwa mpangilio wake: mvua imenyesha wapi, malisho yako vipi, visima, ugonjwa wa mifugo, ugomvi wa watu, na mwisho waliokufa. Hachagui. Haongezi lake. Anayesikia atahamisha familia na wanyama kwa kufuata maneno yale.

Nilipokuwa mtoto baba mkubwa alinisimulia habari ya mtu mmoja aliyewajia akitokea upande wa Bute. Walimuuliza, akasema visima alivyopita vina maji. Ilikuwa kweli. Hakusema kwamba ng'ombe waliokuwa wakinywa pale walikuwa wanakohoa, kwa sababu walikuwa wa wakwe zake na hakutaka waepukwe. Watu walihamia pale na ng'ombe wao. Wengi hawakurudi na hata ndama.

"Yule mtu hamkumpiga?" nilimuuliza.

"Tumpige kwa nini? Alipokuja tena tulimkaribisha, tukampa maziwa kama mtu yeyote. Ila hakuna aliyemwambia tena warran. Amezeeka hivyo, akikaa katikati ya watu kama mzigo."

Niliisikia habari hiyo mara nyingi utotoni, na siku zote nilidhani inahusu ng'ombe.

Mwaka wa uchaguzi wa pili ulipofika, palikuwa na mheshimiwa mmoja wa upinzani huko Nairobi ambaye nilimwamini. Mapema mwaka ule alisema mkutanoni kwamba watu wa kaskazini mashariki ni wananchi kama wengine, kwamba ni aibu kwa nchi mtu kuzaliwa humu na bado kuombwa kadi ya pili ya kuthibitisha uraia wake, na kwamba barabara ya lami haina kabila. Niliisoma habari ile kwa furaha, taratibu.

"Rudia," baba mkubwa alisema.

Nikarudia.

"Alisema hayo mbele ya watu? Mbele ya watu wa bara?"

"Mbele ya uwanja mzima."

Siku iliyofuata, kabla sijafungua gazeti, aliuliza, "Yule mtu wako amesema nini leo?" Ikawa swali lake la kwanza kila alasiri. Nami nilimtafutia. Nilianza na kurasa za mheshimiwa yule kwanza, na nyingine zikafuata.

Hakugeuka mpinzani. Lakini jambo moja dogo lilianza kumsumbua, nalo lilikuwa kiapo. Katika ukoo wetu, kabla ya kila uchaguzi wazee hukutana wakakubaliana kura itaenda wapi, kisha kila mwenye nyumba huweka mkono juu ya Msahafu kwamba nyumba yake itafuata. Kufikia siku ya kura hakuna kilichobaki cha kuamua. Baba mkubwa alikuwa ameapa hivyo maisha yake yote; mimi, katika uchaguzi wa kwanza, nilikuwa nimekikwepa kikao. Mwaka ule alianza kusema, kwanza kwangu, kisha kwa wenzake wawili watatu, kwamba kama huko Kenya yupo mtu anayetutetea bila kuombwa, basi si lazima tuende wote tumefungwa kamba moja. Kila mtu aende na kura yake. Anayetaka serikali aipe serikali, yeye mwenyewe angeipa serikali, lakini Kitabu kisiingizwe.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwa miaka mitano. Na aliyekisema alikuwa mzee ambaye neno lake kikaoni lilisikilizwa hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta na habari pungufu.

Alasiri moja, wiki tatu kabla ya kikao cha ukoo, nilifika ukurasa wa tano. Mheshimiwa alikuwa amehutubia mtaa mmoja wa Nairobi ambako watu wetu wengi walikuwa wamefungua maduka. Jicho la mtu aliyezoea kusoma kwa sauti hutangulia sauti yake kwa mstari au miwili, nami niliiona aya kabla sijaifikia. Alikuwa amesema kwamba Wasomali waliojaza mtaa ule wachujwe mmoja mmoja, na wasiokuwa na haki ya kuwa pale warudishwe walikotoka. Gazeti liliandika kwamba umati ulishangilia.

Nilisoma ukubwa wa umati. Nikasoma alivyopokewa. Kisha nikasoma aliyoyasema kuhusu bei ya unga. Sauti yangu haikubadilika.

"Amesema hayo tu?" baba mkubwa aliuliza.

"Hayo tu, adeer."

Nilijiambia kwamba mwandishi huenda alinukuu vibaya. Nilijiambia kwamba kesho mheshimiwa atakanusha na nitazisoma habari zote mbili pamoja. Mimi niliyekuwa nikiilaumu redio ya serikali kwa kukata habari, nililikunja gazeti nikaliweka kwapani.

"Mageuzi!" mwenye hoteli aliniita. "Hilo ni la kufungia sambusa!"

"Nina somo nalo."

"Basi leo tutazifunga kwa mashati yako."

Mheshimiwa hakukanusha. Siku zilipita na kila siku ilikuwa vigumu zaidi kurudi nyuma.

Kikao kilifanyika ndani ya ghala la ngozi la mfanyabiashara mmoja wa ukoo wetu, kwa sababu lilikuwa pana na lina kivuli. Ngozi zilikuwa zimesogezwa ukutani, na harufu yake ilituuma macho. Wazee walikaa mbele juu ya mikeka. Mimi nilikaa mlangoni pamoja na wa rika langu. Sote tulikuwa na haki ya kusema.

Baba mkubwa alisimama wa tatu. Alizungumza bila haraka, akasema kuhusu kiapo yale aliyokuwa ameniambia mimi. Palikuwa na minong'ono lakini hakuna aliyemkatiza. Mwishoni alisema, "Msiniambie watu wa upinzani wote wanatuchukia. Huyu mmoja nimemfuata mwaka mzima. Kila alilosema nimelisikia, neno kwa neno. Hajatamka hata moja baya juu yetu."

Mtu mmoja aliinuka upande wa pili. Alikuwa na duka katika mtaa ule wa Nairobi na alikuwa amesafiri kuja kikaoni. Alitoa pochi yake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akakisoma kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kisomali. Alitafsiri vizuri.

"Siku mbili baada ya haya," alisema, "waliomshangilia walikuja kuvunja kufuli zetu. Sasa wewe mzee, ulikuwa unasikia nini?"

"Neno kwa neno, eti!" mtu alisema kutoka nyuma.

"Wallahi, macho yameenda, kumbe na masikio yamefuata."

"Mwacheni, huenda kwake gazeti hufika bila ukurasa wa tano!"

Baba mkubwa aligeuza uso wake kuelekea mlangoni. Alijua nimekaa huko. Nadhani aliona mwanga wa mlango na vivuli vyetu ndani yake, na hakuweza kujua kipi ni changu. Alingoja kiasi cha mtu kuvua kilemba na kukifunga upya. Nilijua anangoja nini. Ilitosha nisimame. Ilitosha kusema maneno matatu.

"Nilisinzia," alisema. "Siku ile nilisinzia. Ni uzee."

Walicheka, na kicheko kilikuwa cha huruma zaidi kuliko dharau, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Mwenyekiti wa kikao alimwambia, "Keti, mzee, upumzike." Kisha Msahafu ukaletwa. Ulipita mkono kwa mkono, na ulipofika mlangoni niliweka mkono wangu kama wengine.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake. Nilikuwa nimeikata ile aya kutoka gazeti nililolichukua hotelini, na kipande kilikuwa mfukoni. Mke wake, mama yangu mkubwa, alitukaribisha chai ya maziwa ya ngamia na anjera, chapati zetu laini za unga uliochachuka, akatuacha. Baba mkubwa aliniuliza hali yangu. Aliniuliza mke wangu na watoto, mmoja mmoja. Alinisogezea bakuli la sukari, akiligusa ukingo kwanza kuhakikisha lilipo. Nilingoja aseme warran, kama alivyokuwa akiniambia tangu nilipoanza kutoka nyumba ile kwenda shule na kurudi na cha kusimulia. Hakusema.

"Adeer," nilianza, "siku ile..."

"Kunywa, chai inapoa."

Nilikunywa. Adhana ya alasiri ilipolia tulikwenda msikitini, nikimshika mkono, naye akaniacha nimshike.

Hakurudi hotelini. Siku nne au tano baadaye aliondoka na gari la mizigo kwenda kwenye ng'ombe wake upande wa Ijara, akisema mjini hakuna cha kufanya. Mama mkubwa alibaki kwa sababu ya wajukuu. Kisha mvua zikaanza, zile mvua kubwa ambazo hata wazee hawakuwa na za kuzilinganisha nazo. Mto ulitoka kingo zake. Barabara ya Nairobi ilikatika na magazeti yakakoma, na barabara ya kusini ikawa ziwa. Ng'ombe walioza ndani ya maji. Hotelini tulikaa tukitazama mahali ambapo basi halikuja. Mwenye hoteli alifunga sambusa kwa karatasi za saruji na hakumtania mtu.

Siku ya kura nilikwenda katikati ya matope nikafuata kiapo. Kituo chetu kilihesabu kura moja ya upinzani. Haikuwa yangu.

Baada ya hapo, mtu wa ukoo wetu aliwasili kwa miguu kutoka upande wa Ijara, amevimba nyayo. Tulimkalisha hotelini, akapewa maziwa, na mimi ndiye niliyemwambia warran. Alitoa habari kwa mpangilio. Mvua: haijakoma. Malisho: yamejaa, lakini wa kuyala hawapo. Ng'ombe na mbuzi: wanatupa mimba, wanakufa. Kisha watu: kuna homa, mtu anatokwa na damu, siku tatu au nne amekwisha. Nilijua mpangilio ule na nilijua kinachofuata homa ni majina. Baba mkubwa alikuwa wa pili. Walikuwa wamemzika kwenye kichuguu, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyokuwa kavu.

"Aliacha neno?" nilimuuliza.

"Alisema wanyama waliobaki wapewe mke wake. Na salamu kwa watu wote."

"Na kwangu?"

Yule mtu alinitazama. Angeweza kuniongezea kitu, na nisingejua kamwe.

"Salamu kwa watu wote," alirudia.

Sasa ni karibu miaka miwili. Kiti changu hotelini bado kipo na bado nasoma, kila aya, hata matangazo ya mnada, hata yanayoniudhi. Hakuna anayejua kwa nini usomaji wangu umekuwa mrefu hivyo, na wazee hulalamika. Habari ya mzee aliyesinzia imebaki. Kikaoni mtu akidai kitu ambacho hakijui vizuri huulizwa kama alikuwa macho, na wote huelewa anayetajwa ni nani.

Huwa nampelekea mama mkubwa sukari na majani ya chai kila Ijumaa. Miezi michache iliyopita alikuwa akichuja maziwa, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea. Kweli alisinzia? Nimeishi naye tangu nikiwa msichana. Usiku alisinzia, kwenye hotuba ya Ijumaa alisinzia, Mungu amsamehe. Kwenye habari sijawahi kumwona."

Nilimwambia sikumbuki vizuri.

Aliendelea kuchuja hadi akamaliza. "Basi jaribu kukumbuka," alisema. "Wanawake wenzangu wananicheka kisimani. Nataka niwe na la kuwajibu."

Tangu siku ile hajauliza tena, nami nimeendelea kwenda. Ananipokea vizuri. Ijumaa iliyopita alinipa chai, akauliza hali yangu, mke wangu na watoto, mmoja mmoja, kisha akanitazama bila kuniambia warran. Kile kipande cha gazeti kilikuwa mfukoni mwangu, na nilirudi nacho nyumbani.